Jumamosi Tisa za Watu wa Vyuma

Milcah Obuya alitunukiwa stashahada ya usimamizi wa miradi Ijumaa, tarehe 25 Novemba 2005, katika chuo cha jioni katikati ya jiji la Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi ya Gurmeet Singh, yenye ofisi orofa ya pili karibu na River Road. Mafundi walimwita Mama Stoo, na wengi wao hawakulijua jina lake jingine.

Miezi saba baadaye Gurmeet alimwita ofisini. Kampuni ilikuwa imepata kazi ya kujenga madarasa sita ya orofa moja kwa shule ndogo ya msingi katika mtaa wa Waithaka. Kazi ingeanza Jumatatu tarehe 3 Julai 2006 na makabidhiano yangekuwa Ijumaa tarehe 15 Desemba, ili wanafunzi waingie Januari.

"Umesoma, sasa fanya," Gurmeet alimwambia. "Ukimaliza tarehe kumi na tano, stoo natafutia mtu mwingine. Ukikosa, unarudi kuhesabu misumari."

Milcah alichora ratiba kwenye karatasi ya kaki, akaibandika ndani ya kibanda cha mabati pale saiti. Kila kazi ilikuwa na mstari wake, na mistari ilifuatana kwa mpangilio wenye sababu, kwani mbao za kubebea slabu hutangulia vyuma, na vyuma hutangulia konkriti. Kwa wino mwekundu alipitisha mnyororo wa zile kazi ambazo moja ikichelewa, jengo lote linachelewa. Chuoni walifundishwa kwamba huo ndio mstari wa kutazamwa kila asubuhi. Kwenye mnyororo huo aliacha akiba ya siku tano.

Aliandika pia mpaka wa mradi, yaani yaliyo ndani ya kazi na yasiyo ndani yake. Mwalimu mkuu alipoomba ukuta wa kuzunguka jiko, alionyeshwa karatasi hiyo, akakubali kwamba jiko ni kazi ya mwaka mwingine. Katika daftari la hatari aliorodhesha mvua, ugonjwa, uhaba wa saruji na lori kukwama Dagoretti Corner. Daftari hilo lilikaguliwa na mhandisi Rakesh, aliyesimamia ubora wa kazi, naye hakuona pengo.

Pengo lilionekana Jumamosi tarehe 5 Agosti. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza kwa watu wa vyuma, yaani mafundi wa kukata, kukunja na kufunga vyuma vya slabu, na kati ya tisa waliotarajiwa hakufika hata mmoja.

Jumatatu saa moja asubuhi Milcah alimsubiri langoni mkuu wao, Zedekiah, mtu wa Nyamira mwenye sauti ya chini.

"Jumamosi mlikuwa wapi?"

"Kanisani, Mama."

"Nyote tisa?"

"Nyote tisa. Mimi ndiye mzee wa kanisa. Hao wengine watajificha wapi na mimi ndiye naita majina?"

Fundi Were, kiongozi wa maseremala, alikuwa akinywa chai kando. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama Stoo ameandikia Wasabato kazi siku ya Sabato! Hiyo karatasi yako haijabatizwa."

Kosa hilo lina maelezo, na Milcah huyatoa bila kujitetea. Stoo yake ilikuwa ikifungwa Jumamosi saa sita mchana, na makundi mengine yalirudisha vifaa wakati huo. Kila Ijumaa, miaka yote hiyo, kundi la Zedekiah lilirudisha vifaa mapema, vikiwa vimepanguswa, kabla jua halijazama. Aliona ni watu wenye nidhamu na akawasifu kwa hilo. Kwa nini ilikuwa Ijumaa, hakuwahi kuuliza.

Alirudi kwenye kibanda na kuhesabu. Vyuma vilikuwa kwenye mnyororo mwekundu hadi mwisho wa Septemba, nazo Jumamosi zilikuwa tisa. Akiondoa akiba ya siku tano, zilibaki nne. Siku nne zingesogeza makabidhiano hadi Jumatano tarehe 20 Desemba. Lakini mtu yeyote aliyefanya kazi mjengo Nairobi anajua kwamba baada ya tarehe 16 mafundi wako safarini, Kakamega, Kisii na Siaya, na hawarudi kabla ya wiki ya pili ya Januari. Kwa hiyo siku nne zilikuwa mwezi mzima. Wanafunzi wangefungua shule bila madarasa, naye angerudi stoo.

Rakesh alikuwa na suluhisho la haraka. "Badilisha kundi. Nairobi imejaa watu wa vyuma."

Milcah anakiri kwamba alilifikiria hilo kutwa nzima. Jioni aliibandua ile karatasi ya kaki, akaitandaza juu ya mbao mbele ya Zedekiah na Were, akawapa kalamu.

"Nionyesheni mahali nilipokosea."

Zedekiah aliipokea kalamu. "Miaka ishirini na miwili niko mjengo," alisema. "Huwa naambiwa tu siku ya konkriti. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa."

"Sasa umeulizwa, sema," Were alimhimiza. "Ama unangoja sadaka?"

Zedekiah alisema watu wake wangekuja Jumapili. Were akakataa papo hapo, kwa kuwa maseremala wake ni watu wa Jumapili na yeye mwenyewe huimba kwaya Kangemi. Kisha akainama juu ya karatasi.

"Ngoja. Kwani ni lazima tuwe pamoja? Hawa watu hunikanyagia mbao kila siku. Nipe Jumamosi peke yangu, nzima, hata baada ya saa sita. Naacha mbao tayari. Yeye anakuja Jumapili, anakuta uwanja mtupu."

Kulikuwa na kanisa ng'ambo ya ua, na kelele za kukata vyuma Jumapili zingeleta ugomvi. Zedekiah alilijibu hilo pia. Wangekata na kukunja Ijumaa asubuhi, na Jumapili wangefunga kwa waya tu, kazi isiyo na kelele. Saiti ingefanya kazi siku saba, na hakuna mtu ambaye angefanya kazi siku yake ya ibada.

Lilibaki suala la ufunguo. Jumapili Milcah mwenyewe huwa kanisani, nao ufunguo wa stoo haukuwahi kulala mkononi mwa mtu mwingine. Gurmeet alipoletewa mpango huo ofisini, aliuliza hilo kwanza.

"Ufunguo unampa fundi?"

"Nampa Zedekiah."

"Na kama kitu kinapotea?"

"Uliza mimi, Mzee."

Gurmeet alisoma karatasi tena, kidole kikifuata wino mwekundu. "Na sikukuu yetu ya Kalasinga, ile ya Novemba, umeandika?"

Hakuwa ameandika.

"Andika," Gurmeet alisema, akatia sahihi.

Slabu ya juu ilimwagwa siku iliyopangwa. Hakuna kilichopotea stoo. Novemba mvua ilinyesha kuliko kawaida na kusimamisha plasta ya nje kwa siku nne. Pamoja na ile Jumamosi moja ya Agosti, akiba ya siku tano ikafika sifuri. Kama Jumamosi nyingine nane zingepotea, tarehe ya makabidhiano ingekosekana bila mjadala. Madarasa sita yalikabidhiwa Ijumaa tarehe 15 Desemba saa tano asubuhi, milango miwili ikiwa bado inahitaji kupigwa randa. Ilipigwa kabla ya saa nane, na saa kumi mafundi walikuwa wamefunga mizigo.

Milcah aliandika ripoti ya mwisho, sehemu ya mafunzo ya mradi ikiwa na ukurasa mmoja. Hakuanza na mvua. Alianza kwa kuwashukuru Zedekiah na Were kwa majina, akaeleza siku zao kwa mistari sita, kisha akaandika kwamba kabla ya kuchora ratiba yoyote kila kiongozi wa kundi aulizwe siku zake. Ukimuuliza leo kuhusu kazi ya Waithaka, atakutajia hao wawili kabla hujamaliza swali. "Mimi nilikuwa na cheti na kalamu," anasema. "Walinirekebisha bila kunidharau. Wangeweza kuninyamazia tu."

Gurmeet alimpigia simu Jumatatu iliyofuata kumpa mradi mwingine. Jumatatu tarehe 15 Januari 2007 Milcah Obuya anaanza kusimamia ukarabati wa nyumba nane Woodley, na mtunza stoo mpya, Jacklyne, anaripoti kazini siku hiyo hiyo saa moja na nusu asubuhi.