Bahari ya lita tisini huko Mbuba

Blu, blu, blu. Katika giza la sebule, hiyo ndiyo sauti ya kwanza kusikika nyumbani kwa Privatus Bigirimana, kabla ya jogoo, kabla ya ufagio wa mkewe. Ni mapovu ya pampu ndogo ya hewa iliyokesha ikifanya kazi.

Ni saa kumi na moja alfajiri, Mbuba, wilayani Ngara. Privatus, fundi vioo mwenye miaka hamsini na moja, amejifunga blanketi mabegani. Anamulika kwa tochi ya simu kipimajoto kilichobandikwa kwenye tangi la kioo. Nyuzi ishirini na tano. Anashusha pumzi.

"Baridi ya huku haiwafai," ananong'ona. "Umeme ukikatika, pampu inakwenda kwa betri, lakini hita inazima. Hapo blanketi linahamia kwenye tangi. Mke wangu ameshazoea kulala bila blanketi."

Ndani ya tangi kuna maji ya chumvi, mchanga mweupe, mawe yenye matundu, konokono watatu na matumbawe laini mawili yanayopunga kama vidole vya mtoto. Samaki hakuna. Wako njiani, ndani ya basi lililotoka Dar es Salaam jana.

Samaki hao wawili si wa kuuza. Ni wa mama yake, Auleria, mwenye miaka themanini na minne. Presha ya macho imekwisha kula sehemu kubwa ya uoni wake. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Kwa sasa anaona rangi kali tu, tena kwa karibu. Hata hizo, hakuna anayejua ataziona hadi lini.

Privatus aliishi Dar es Salaam miaka kumi na mmoja, akitengeneza na kuhudumia matangi ya samaki wa baharini hotelini na majumbani mwa watu. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu kwa jirani yao, mama akaitwa, naye akamsimulia. Kuna samaki wa rangi ya chungwa, ana mistari myeupe, analala ndani ya kitu kama ua.

"Nilimwambia, mwanangu, kunywa lakini uwe umekula," anasema Auleria, akificha kicheko kwenye khanga. "Samaki alale kwenye ua? Ila Jumapili ikifika, nilikuwa natoka kanisani mbio. Nilikuwa na miguu siku hizo."

Privatus hakumbuki vizuri mishahara ya miaka ile. Anakumbuka mama yake akiuliza, kila mara, kabla salio halijaisha: "Na yule wa kwenye ua, hajambo?"

Baba yake alipofariki, miaka sita iliyopita, alirudi nyumbani. Sasa anatengeneza madirisha ya alumini, na dirisha moja humwachia kama shilingi elfu arobaini. Tangi alilitengeneza kwa vipande vya kioo vilivyobaki dukani kwa mteja. Maji aliyakinga kwenye bati, akisubiri mvua ya tatu ili vumbi liishe. Ndoo ya chumvi maalumu iliyotoka Dar es Salaam ilimeza faida ya madirisha manne.

"Watu waliniambia, si utie ya Uvinza tu? Nikawaambia ile ni ya mboga."

Kisha akasubiri wiki sita, maji yakomae kabla ya kuingiza samaki. Hapo mama yake alimwelewa haraka kuliko wote. "Kumbe yanavundikwa," alisema, "kama ndizi za pombe. Ukifukua kabla ya siku zake, umeharibu."

Ndassa, jirani aliyehamia kutoka Mwanza, yeye hakuelewa, na alisema wazi. "Fundi, samaki wa ukubwa huu kwetu tunawapa bata. Hawa hata tonge moja hawasindikizi."

Samaki wa kwanza walifika mwezi wa tatu. Auleria aliweka kiti chake mbele ya kioo na hakuondoka hadi jioni. Kesho yake, nyumba ikiwa tupu, alichota nusu kikombe cha pombe ya ndizi akaimimina ndani ya tangi.

"Wageni wamesafiri siku mbili, wamewekwa kwenye maji matupu," anasema, bila kucheka safari hii. "Nyumba hii haijawahi kupokea mgeni bila kumwonjesha. Nani angewaonjesha?"

Maji yalibadilika yakawa kama ya kuoshea mchele. Siku ya pili samaki wote wawili walikuwa wakielea.

"Nikafoka," anasema Privatus. "Nikasema, mjinga gani amefanya hivi? Mama akajibu, ni mimi."

Aliomba msamaha siku hiyohiyo, na mama akapokea. Lakini kiti kilihamia jikoni, na kwa miezi minne hakikurudi sebuleni.

Saa sita mchana kondakta anapiga simu kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo: "Fundi, mzigo wako unapumua." Saa tisa na nusu Privatus anashuka kwenye bodaboda, boksi amelikumbatia kifuani. Anaiacha mifuko ya samaki ielee juu ya maji ili joto lilingane, kisha anaingiza humo maji ya tangi tone kwa tone kwa mpira wa dripu. Kazi hiyo inachukua saa nzima.

Samaki wanapotoka, rangi ya chungwa inawaka chini ya taa. Privatus anakwenda jikoni.

"Mama, wageni wamefika."

"Nimesikia. Nisije nikawaua tena."

"Naomba kikombe chao."

Auleria anapapasa kibuyu, anamimina nusu kikombe cha pombe. Privatus anamshika mkono hadi sebuleni, anasimama mbele ya tangi na kuinywa yote.

"Nimepokea kwa niaba yao," anasema. "Kuanzia leo, kila mgeni wa humu, wewe mimina, mimi ninywe."

"Ndicho ulichokuwa unatafuta tangu mwanzo," anajibu mama, na mkewe Privatus, Priscila, anacheka hadi anaegemea mlango.

Privatus anapanga kuongeza kile kiumbe kinachofanana na ua, Mungu akijalia, kabla ya Noeli, tangi likishatulia. Anataka mama yake amwone samaki akilala humo, walau mara moja, kwa macho yake mwenyewe.

Kiti kimerudi. Auleria anainama hadi pua inakaribia kugusa kioo, anatafuta. Nice, binti wa mwisho wa Privatus, mwenye miaka sita, amepiga magoti karibu naye na kushika pindo la khanga yake.

"Bibi, wamekuja upande wako."