Masanduku Yasiyokufa

Hebu mwone anavyofika. Mkoba begani, funguo mkononi, na midomo inachezacheza, kwa sababu njia nzima amekuwa akirudia sentensi moja: "Shemeji, leo tunaacha kutengeneza masanduku." Nyumbani sentensi hiyo ilikuwa nyepesi kutamka. Sasa anasukuma mlango wa karakana, mlango unafunguka nusu na kugoma, maana nyuma yake masanduku ya bati yamepangwa hadi darini. Anajipenyeza ubavu ubavu kama mwizi kwenye mali yake mwenyewe. Hasira zimempanda kabla hajasalimia mtu.

Mtaa mzima unamwita Mama Karakana, nasi tumwite hivyo hivyo. Karakana aliianzisha baba mkwe wake, akawaachia wanawe wawili. Mdogo ndiye mumewe, na huyo asubuhi hiyo alikuwa ametoroka.

"Mwambie wewe," alisema huku akifunga kamba za viatu. "Yule ni kaka yangu. Nikimwambia mimi, nitaonekana nimemfukuza."

"Na mimi nitaonekanaje?"

"Wewe una maneno mazuri."

Akapakia ndoo za kumwagilia bustani kwenye baiskeli, akaondoka kwa kasi ambayo mkewe hakuwahi kuijua.

Ndoo hizo zinauzika. Majiko ya mkaa yanauzika hata zaidi. Hivyo vyote vinatoka kwenye mabati mepesi. Masanduku yanataka mabati mazito, na mfuko wao unatosha kuagiza aina moja tu kwa safari moja. Yakija mazito, majiko yanasubiri. Na sanduku likishakula bati, likala rangi, likala siku nzima ya mtu, linakaa tu pale. Wanafunzi wa bweni siku hizi wananunua mabegi ya magurudumu. Kibaya zaidi, kwa kuwa masanduku yamejaa ndani, majiko yanalala nje chini ya turubai, na mvua ya juzi imeyatia kutu. Kinachouzika ndicho kinacholoa!

Na kaka mtu je? Yule pale kwenye kona, amesimama juu ya sanduku. Ndiyo, juu yake, na viatu vyake, mikono nyuma, kama mgeni rasmi anayesubiri makofi. Hakuna sanduku linalotoka mikononi mwake bila kupandwa hivyo. Likibonyea, analifumua lote na kuanza upya. Watu wanamwita Pindo Mbili, kwa kuwa kila ukingo anaukunja mara mbili, wakati mafundi wengine wote wanakunja mara moja na kwenda kula.

"Habari za asubuhi, shemeji?" akasalimia kutoka huko juu.

"Nzuri. Shuka tuongee."

"Nipe dakika. Hili bado linafikiri."

Mama Karakana akakaza meno. Kila njia ameshaijaribu na mtu huyu. Alimwomba atumie bati jepesi, akajibiwa, "Basi tuuze makaratasi." Alimwomba akunje mara moja tu. "Sanduku la pindo moja ni ndoo yenye kifuniko." Akamhamishia kwenye majiko, jiko la kwanza lilimchukua kuanzia asubuhi mpaka jioni, na lilipokamilika lilikuwa zuri hivi kwamba mnunuzi aliogopa kulitia mkaa.

"Shemeji," alianza, "leo..."

"Hodi! Kuna mtu humu?"

Mlango ukagonga masanduku. Aliyejipenyeza ni muuza nyanya wa barabara ya pili, na kichwani, jamani, amebeba sanduku la bati, kijani chake kimepauka. Akalitua kwa kishindo.

"Kishikio kimekatika. Dada zangu wamesoma bweni na hili, nikasoma nalo mimi, sasa binti yangu anaondoka nalo."

Pindo Mbili akashuka mara moja. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ukingo. "Hili ni la mzee," akasema taratibu. "Mimi nilikuwa nashikilia bati, yeye anakunja."

"Si umnunulie mtoto jipya?" Mama Karakana akaonyesha ule ukuta wa masanduku. "Chagua rangi yoyote, mama."

Muuza nyanya akashangaa kikweli. "Jipya la nini? Kwani hili lina kosa gani?"

Mama Karakana akacheka, kicheko kibaya. Kumbe mabegi ya magurudumu yalikuwa nusu tu ya balaa. Nusu nyingine ni masanduku yao wenyewe, yaliyotapakaa majumbani, yamegoma kufa, kila moja likizuia jingine lisinunuliwe.

"Baba mkwe," akaiambia dari, "ulinifilisi kabla hujanijua."

"Usimseme mzee."

"Na wewe nakusema! Ungeyafanya mabaya kidogo, shemeji. Kidogo tu! Yavunjike, watu warudi."

"Wangerudi kwa fundi mwingine."

Jibu hilo likamuudhi kuliko yote. Kishikio kikafungwa. Muuza nyanya alipofungua pochi, Pindo Mbili akapunga mkono: "La mzee hatutozi." Mama Karakana akafumba macho.

Mgeni alipotoka, akalitoa kwa mkupuo. "Shemeji, nataka tuache masanduku."

Pindo Mbili akafuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilijua. Mdogo wangu tangu juzi ananikwepa kama mimi ni mkwe wake." Akatazama kona yake. "Sawa. Lakini nikija hapa asubuhi, nitasimama juu ya nini?"

Kabla hajajibiwa, simu ya Mama Karakana ikalia. Ni muuza mabati, yuko ghalani, injini ya lori inanguruma nyuma yake.

"Mama, nakupakilia sasa hivi. Mazito au mepesi?"

Nje, matone yalianza kugonga turubai lililofunika majiko. Pindo Mbili alikuwa amechukua nyundo, anagongagonga pembe ya sanduku ambayo haikuwa na haja ya kugongwa, na hakugeuza uso.

"Mama? Nakusikiliza. Nipakie yapi?"

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, simu hiyo ingekuwa sikioni mwako, ungesema yapi?