Antoni Chenge na Maji ya Kunyonyolea Kuku

Ilikuwa mwaka tisini na saba. Hapana, nasema uongo: tisini na nne, kwa sababu mgao wa umeme ulikuwa umetukaba koo, na meli ya Bukoba ilikuwa bado haijazama. Tuseme tisini na nne. Kichwa changu siku hizi ni gunia lililotoboka, mengi yanamwagikia njiani.

Nataka kumsema Antoni Chenge, fundi mitambo wa kiwanda chetu cha kukamua mafuta ya pamba, kule Nyakato, Mwanza. Mimi nilikuwa mchochea boila tu, mtu wa darasa la nne. Antoni alizaliwa Ukerewe, akajifunza ufundi kwenye meli za ziwani, akaingia kiwandani kijana na kuzeekea humo. Mtu mfupi, mpole, mwenye kikohozi. Mwaka huo viwanda vya serikali vilikuwa vinauzwa, na chetu nacho kilishapata mnunuzi. Tukaambiwa atakuja kuangalia, kisha ataamua nani abaki. Fundi wa miaka hamsini na mbili hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Mihayo," aliniambia, "tajiri hamweki mzee kwa huruma. Lazima nimwonyeshe kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa maji. Kila siku tulimwaga mtaroni maji yaliyotoka kwenye mashine, yenye moto wa kunyonyolea kuku, wala hayachemki. Antoni alitaka yazungushe pampu umeme ukikatika. Nikamcheka. "Maji hayo hata ugali hayasongi!"

"Ndiyo maana siyategemei peke yake," akasema. "Natafuta kitu cha kufungia ndani ya mabomba, kinachochemka upesi kuliko maji. Haya ya moto yakipita nje, chenyewe kinachemka, mvuke wake unasukuma mashine. Halafu maji ya ziwa yanakipoza, kinarudi kuanza upya. Hakitoki, hakiishi."

Kazi ikawa kukichagua. Miezi minne. Alianza na gongo ya mama Justa, jirani yake, ile inayotangulia kudondoka, kali kuliko zote. Ilichemka kivivu, mvuke hauna nguvu, na wachochea boila wenzangu wakawa wanaionja. Petroli akaikataa mwenyewe. "Karibu na tanuru lako? Watatuzika ndani ya kopo." Gesi ya mafriji aliipenda sana, haiwaki wala hainuki. Tukaenda mjini kwa Abeid, fundi friji. Abeid akatikisa kichwa.

"Mzee Chenge, hii wakubwa wa dunia wameanza kuikataza, wanasema inatoboa anga. Leo ninayo. Ikivuja mwakani utajaza nini?"

Ikabaki amonia, ile ya viwanda vya barafu na samaki, ambayo Mwanza hukosi. Inanuka mpaka machozi. "Heri inayonuka," Antoni akasema, "inakuonya kabla ya kukuua." Ila ina meno: inakula shaba. Basi aling'oa kila kipande cha shaba, nyekundu na ya njano, akafunga chuma kitupu. Hata Bernadeta, mkewe, akimletea chakula aliambiwa aache bangili mlangoni.

"Antoni, mimi ni mkeo au ni bomba?" alikuwa anauliza, tunacheka wote.

Yule mnunuzi akatangazwa kuja Jumatatu. Nanyi mnajua mambo yetu mgeni akija: tulipaka chokaa hadi mawe ya njiani. Mimi nikaona koki ndogo ya mtambo ule imeota kutu, nikasikia aibu. Stoo kulikuwa na nyingine inang'aa kama fedha. Nikaifunga kabla amonia haijajazwa. Antoni akainama kuitazama.

"Ni chuma hii?"

"Chuma. Kwani huoni?"

Alikuwa hajalala siku mbili. Akaniamini.

Tukajaza, tukafungulia maji ya moto. Mtambo ukakohoa kama Antoni mwenyewe, halafu ukazunguka, na pampu ikapandisha maji bila umeme. Antoni akaketi sakafuni.

Lakini Jumatatu mgeni hakuja, wala iliyofuata. Alikuja wiki ya sita. Wiki zote hizo amonia ilikuwa inatafuna, maana ule mng'ao ulikuwa ngozi tu. Ndani ilikuwa shaba ya njano. Mgeni amesimama pale, tai shingoni, koki ikapasuka. Tukakimbia wote, macho yakitiririka, mgeni akiacha kiatu kimoja. Antoni peke yake alirudi ndani, kitambaa kibichi usoni, akaenda kufunga bomba kubwa.

Baadaye meneja akaokota vipande. "Nani alifunga koki hii?"

Nikafungua mdomo. Antoni, huku anakohoa, akaniwahi. "Mimi."

Nami nikanyamaza.

Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwamo. Langu lilikuwamo, nikachochea boila ya tajiri miaka saba. Yeye akahamia Buhongwa kutengeneza baiskeli za watu, kikohozi kikizidi. Nilikwenda kumwona mara nyingi. Siku moja, tukimenya viazi vitamu, nikajikaza nikamuuliza. Akaendelea kumenya, akanisogezea bakuli. Alipozikwa nikamuuliza Bernadeta. Akanitazama tu, akaenda kukoroga uji wa waombolezaji.

Miguu yangu imechoka, lakini nikipita Nyakato nasimama kidogo pale mtaroni, maji bado yanatoka mvuke, nauliza tena: Antoni, koki niliifunga mimi na ulijua, kwa nini ulisema ni wewe?