Msichana wa Kipilefti

Rafiki yangu, mwezi uliopita nilirudi Moshi kumzika shangazi. Gari lilipozunguka kipilefti cha kuingilia mjini, nikageuza shingo kumtafuta yule msichana wa saruji anayeruka kamba. Hayupo. Wamemng'oa, na pale aliposimama pana bango la matangazo. Nilishukuru, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Nilikulia Kiboriloni kwa bibi mzaa mama. Asubuhi kabla ya shule nilikata majani ya ng'ombe, migomba ikinidondoshea umande shingoni, na nikirudi nilikuta kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage, kikinisubiri jikoni chini ya jani. Jioni wasichana tulikutana uani kwa mama mmoja fundi cherehani, jirani yetu, tukaruka kamba mpaka mlima unaingia giza. Binti wa fundi cherehani hakuruka. Aliugua akiwa mdogo, na mguu wake wa kushoto ukabaki mwembamba kama mwiko. Kazi yake ilikuwa kuzungusha kamba. Alizungusha, akahesabu, akacheka, na nakuambia sijasikia tena mtu anayecheka vile. Hata mwalimu wetu mkali, akipita njiani, alikuwa anapunguza mwendo.

Tulipokuwa darasa la tano, msanii mmoja alikuja shuleni kutafuta sura ya mtoto. Alikuwa anatengeneza sanamu ya saruji ya kupendezesha mji. Mimi nilijua atanichukua. Bibi alikuwa amenipaka mafuta ya mgando mpaka ninang'aa, na mwalimu alinipanga mstari wa mbele. Yule msanii alinipita kama anapita ukuta, akakifuata kicheko mpaka nyuma kabisa, akamwambia binti wa fundi cherehani, "Cheka tena kama ulivyocheka."

Sanamu iliposimamishwa, mji mzima ulikwenda kuitazama. Gauni la njano, viatu vyekundu, nywele za buluu, na kamba ya rangi ya chungwa imepinda juu ya kichwa. Sura ni yake hasa. Ila miguu ilikuwa miwili mizima, minene, yote iko hewani. Mama yake alilia. Yeye mwenyewe aliitazama ile miguu, kisha akasema, "Kumbe ningekuwa hivi."

Jumamosi iliyofuata tulimchukua kwenda kuitazama tena, yeye na sisi watatu. Mimi ndiye niliyebeba kamba.

"Umechongwa unaruka," nilimwambia. "Basi ruka."

"Siwezi. Si mnajua."

"Sanamu inaweza."

Wenzangu wakacheka. Aliitazama sanamu, akatutazama sisi, akasema, "Mara moja tu. Zungusheni polepole."

Mwenzangu alishika ncha moja, mimi nyingine. Akaruka mara moja kwa mguu wa kulia. Akaruka mara ya pili. Niliona uso wake unafunguka, akaanza kucheka kile kicheko chake, akinitazama. Ndipo nikaivuta kamba.

Alianguka kwenye ukingo wa saruji, na mguu uliovunjika ni ule mzima. Tulikimbia, yeye akibaki anaita majina yetu, mmoja mmoja.

Nyumbani nilisema amejikwaa. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Mwenye kovu usidhani kapoa," alisema, akaendelea kumenya. Mpaka anakufa sikujua kama alijua.

Binti hakumtaja mtu. Mguu uliunga vibaya, na kabla ya mwaka kwisha mama yake alihamisha cherehani yake Bomang'ombe. Uani kwao hatukuruka tena. Leo pale pamejengwa vyumba vya kupanga, na migomba ya bibi imekatwa yote. Katika wale wasichana wengine, mmoja yuko Mwanza, mmoja ameshafariki. Pale mtaani hakuna tena mtu wa kumuuliza kama ilikuwa hivyo kweli.

Baada ya mazishi nikaenda Bomang'ombe. Nilimkuta yule binti dukani nyuma ya cherehani ya kuzungusha kwa mkono, mikongojo miwili imeegemea ukuta.

"Karibu, dada."

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba kamba haikunasa bahati mbaya, niliivuta.

Alikata uzi kwa meno, akaukunja mshono.

"Najua uliivuta," alisema. "Nilikuwa nakutazama wewe. Nilidhani umefurahi kuniona naruka."

Nilisubiri aseme neno jingine. Akaingia mama mmoja na kitenge chake, akamsalimu, akafunua kitambaa mezani, wakaanza kuzungumza habari za mikono mifupi na mirefu. Nilibaki mlangoni nimeshika mkoba.

"Dada," yule mama akaniambia, kwa upole tu, "sogea kidogo. Unamzibia fundi mwanga."

Nikasogea.