Viatu vya Nesi na Kiingereza cha Barua za Pamba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama yangu alinipa neno nilifikishe, nami nikafikisha langu.

Nilikuwa karani kijana katika chama cha ushirika cha pamba, Nkololo. Kiingereza kilichonijaa kichwani kilikuwa kile cha barua tulizoandikiana na kiwanda cha kuchambua pamba. Nilizinakili kila siku, hata nikaamini kwamba Kiingereza kizuri ni kile kirefu.

Mwaka ule dada yangu Kabula alijifungua kwa shida. Nesi mmoja mgeni wa zahanati ya misheni alikaa naye siku tatu, na Mungu akawaacha hai wote wawili, mama na mtoto. Baada ya mavuno tukasikia nesi anarudi kwao, wala hatakuja tena. Mama akajaza kibuyu samli, akanichukua niwe mkalimani, maana yeye alijua Kisukuma tu.

Tulimkuta katika ua wa zahanati, mizigo imekwisha kupakiwa garini. Mama akapiga magoti, akatoa kibuyu kwa mikono miwili.

"Wabeja sana," alishukuru. "Masanja, mwambie zile siku tatu hakuvua viatu. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nikaviona. Mungu naye aliviona."

Nikaona haya. Mbele ya mgeni msomi nitaje viatu? Nikakohoa, nikanyoosha shingo, nikasema, "We acknowledge with thanks your esteemed services." Yaani, tunakiri kwa shukrani kupokea huduma zako tukufu. Ndivyo tulivyowaandikia watu wa kiwanda wakituletea magunia matupu ya pamba.

Nesi akatabasamu kwa adabu, akanipa mkono, akamkabidhi dereva kibuyu, akapanda gari.

Mama alikuwa bado chini, anamtazama. "Umemwambia viatu?"

"Mayu, nimemwambia kwa Kiingereza cha juu."

"Sikukutuma juu. Nilikutuma kwake." Gari likaunguruma. "Kimbia, Masanja! Asiondoke hajui."

Nikakimbia na suruali yangu ya ofisini, vumbi mdomoni, wagonjwa kwenye foleni wakicheka: "Karani leo kaachwa na gari!" Nikapiga mlango kwa kiganja. Maneno marefu yote yalikuwa yamenitoka, yakabaki ya darasani. "My mother saw your shoes. Three days, you did not take them off. Thank you."

Gari likasimama. Nesi akashuka, akarudi hadi alipokuwa mama, naye akapiga magoti. Walishikana mikono wakalia, wala hawakunihitaji tena. Alipoondoka, kibuyu alikipakata mwenyewe.

Mwanangu, ninyi mnajua Kiingereza kuliko mimi. Wajukuu zangu hapa Bariadi hunionyesha simu zao: aliyeleta soda ni "amazing", aliyemuuguza bibi yao miezi miwili naye ni "amazing". Siwalaumu, mimi nilikosea kwa upande wangu. Ila kabla hujachagua neno, jiulize mtu huyu alifanya nini hasa. "Thank you" inatosha, ukimalizia kwa kutaja jambo lenyewe: thank you for sitting with my mother. "I am grateful" iweke kwa wema mkubwa, isije ikachakaa. Ukimsifu mtu, sifu ulichokiona kwa macho yako. Na mtu mzima usimwambie "well done" kama mwalimu anayesahihisha daftari. Mwambie umejifunza kwake, naye ataelewa umemheshimu.

Hata katika sala nimekosea hivyohivyo. Nimesali sala ndefu kanisani, nikanyanyuka bila kumtajia Mungu hata jambo moja alilonitendea jana yake. Siku hizi namtajia. Sala zangu zinakuwa fupi, na moyo unatulia.

Mungu akupe macho ya mama yangu, yaliyoona viatu. Akupe na ulimi mwepesi wa kuvitaja kabla gari halijaondoka. Amina.