Benchi la Mawimbi Matatu

Siku ya kwanza mkuu wa atelie yetu, karakana ya samani ya serikali mtaani Kasuku, alinionyesha kiti pekee kilichokuwa chumbani. "Kaa, sitwayeni," akasema; enzi zile sote tuliitwana hivyo, "raia" kwa Kifaransa. Nilikuwa nimetoka shule ya sanaa Kinshasa na diploma yangu. Nikawaza: nikikaa, yeye atabaki amesimama, nisipokaa, nimekataa amri. Nilisimama asubuhi nzima nimeshika mgongo wa kiti kana kwamba naukagua.

"Huyu wa diploma anaogopa kiti," fundi mmoja akasema. "Sasa atachonga nini?" Wenzake wakacheka.

Ninyi mnaoanza kazi hii, jueni kwamba samani za ndani tuliziunga kwa gundi na kuzipaka vanishi. Za nje ni jambo lingine, kwa maana gundi haivumilii mvua ya Maniema. Tulichonga gogo zima la kambala, mti mgumu ambao mchwa huupita bila kuugusa, baada ya kuliacha kivulini hadi lipasuke lenyewe pale linapotaka kupasuka.

Agizo langu kubwa la kwanza lilikuwa benchi la bustani ya Komisere, mtawala wa mkoa. Nililichora kama maji ya Lualaba: mabonde matatu ya kukalia, yote sawa, na mgongo mmoja unaoyafuata bila kiungo wala msumari. Niliomba kitu kimoja tu, libaki hivyo.

Kabla halijapelekwa alikuja afisa wa protokole, msimamizi wa itifaki ya Komisere, abakosi yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi vizuri. Alilizunguka.

"Komisere atakaa wapi?"

"Popote, sitwayeni."

Aliniangalia kwa huruma. "Popote? Na mimi nikikaa karibu yake, kichwa yangu itakuwa wapi?"

Safari hii mafundi hawakucheka. Afisa alisema pa katikati pawe juu, akaondoka.

Kuongeza ubao katikati kungehitaji gundi. Mkuu wa atelie alilipapasa benchi. "Tutateremusha ya pembeni."

"Mukubwa, wimbi litakufa."

"Muti ilishakufa, kijana. Wewe ungali muzima. Shika musumeno."

Ulikuwa msumeno wa watu wawili. Nilivuta polepole, nikitumaini mtu angekuja kuifuta ile amri.

"Vuta," akasema. "Mimi pia ninachoka."

Baadaye nilipelekwa Kailo kufundisha useremala, kisha nikarudi Kasuku kuwa mkuu wa atelie. Nilichora viti vingi. Kila mara nilianza kwa kujiuliza nani atakaa karibu na nani. Hakuna afisa aliyehitaji kunisahihisha tena.

Nilipostaafu, bustani ile ilikuwa imeletewa viti vipya, na benchi limetupwa nyuma ya atelie. Wakaniambia nilichukue. Liko mbele ya nyumba yangu, kambala haijaoza. Wageni wote hukaa pembeni, magoti karibu na kidevu.

"Kaa katikati basi, benchi ni yako," mke wangu huniambia. Mimi humjibu kwamba mgongo unauma.

Jana, alipokwenda sokoni, nilipajaribu pale katikati. Kabla sijaegemea nikasikia mtu anapita njiani. Niliinuka, nikashika mgongo wa benchi kana kwamba naukagua.