Aliyelegeza Nyuzi za Gitaa

Nilipofungua kasha la gitaa asubuhi ile, nyuzi zote sita zilikuwa zimelala ovyo juu ya tumbo lake na daraja halipo. Nikapapasa ndani ya kasha, nikapapasa chini ya kitambaa, nikalipindua gitaa na kulitikisa nikidhani limeponyokea ndani kupitia yale matundu yake mawili yaliyopinda. Wapi! Nikajisemea, hapa nimefanyiwa kitu. Mtu amenifanyia kitu.

Daraja ndivyo tulivyokiita kile kipande cha chuma ambacho nyuzi hupita juu yake kabla ya kwenda kufungwa mkiani. Kwenye magitaa mengi limekazwa kwa skrubu. Langu lilikuwa gitaa la umeme la Kijerumani, la zamani, lenye uwazi ndani, na daraja lake lilisimama kwa kubanwa na nyuzi peke yake. Ukilegeza nyuzi, linaanguka. Nililipata gitaa hilo shirika letu la umma lilipouzwa na bendi ya shirika ikavunjwa. Wenzangu waligombania viti na mafeni, mimi nikaomba gitaa, na bosi akadhani amenipunja. Lilikuwa limetengenezwa kabla mimi sijaanza shule. Enzi zile za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, maduka ya Mwanza yalijaa kila takataka ya dunia, televisheni, marashi, saa za plastiki, viatu vinavyong'aa mpaka vinaumiza macho. Lakini spea ya gitaa lile? Thubutu!

Na daraja lilipotea wakati mbaya. Tajiri mmoja wa minofu ya sangara alikuwa amejenga hoteli kando ya ziwa na alitaka bendi ya kudumu. Jumamosi ya wiki iliyofuata angekuja kutusikiliza. Kiongozi wetu wa bendi, mtu asiyejua kuzungukazunguka, aliniambia pale pale: "Gitaa lako lisipolia, solo atapiga dogo."

Dogo ndiye aliyekuwa anapiga rizimu, gitaa la kusindikiza. Alikuwa na gitaa jipya kutoka Dubai, linang'aa kama sufuria ya harusi, na sauti yake ni hiyo hiyo ya sufuria. Mimi nilikuwa nimeshapoteza kazi, shirika limekufa, nimebaki na solo tu. Nikinyang'anywa na solo, niende wapi? Nikauze mihogo?

Nilimshuku dogo saa ile ile. Siku mbili kabla alikuwa amekuja nyumbani kwangu Igogo kuazima waya, na akaniuliza, eti kwa upole, kwa nini gitaa langu lina mkia mrefu. Mkia wangu unamhusu nini? Nikamweleza mpiga ngoma, mpiga ngoma akaeleza mtaa, na mpaka saa sita mchana hata wauza dagaa walikuwa wananipa pole. Jioni nikamfuata dogo kwao.

"Kaka," aliniambia huku machozi yanamlengalenga, "mimi kama ni mwizi si ningeiba gitaa zima?"

"Ndiyo ujanja wenyewe huo," nikamjibu.

Sikuishia kwa dogo. Nilimshuku jirani yetu, maana mara mbili alishapiga ukuta nikiwa nafanya mazoezi. Nilimshuku dereva wa bendi kwa sababu tu alinisalimia kwa uchangamfu kupita kiasi. Nikaanza kutembea na gitaa lile bovu kila mahali, sokoni, kinyozi, hata chooni naliegemeza mlangoni na mguu mmoja naukanyagia kwenye kamba ya kasha. Watu walicheka. Wacheke tu.

Pale Igogo kulikuwa na fundi saa aliyekuwa na kibanda karibu na barabara. Kazi yake ilikuwa inakufa, maana saa za plastiki zikiharibika watu wanatupa na kununua nyingine, na kwa hiyo alikuwa tayari kutengeneza chochote: miwani, vitasa, meno ya cherehani. Alikuwa na tupa nyembamba ajabu na mkono uliotulia. Lakini mafundi saa tulikuwa tunawajua. Unampa saa yako nzuri, unarudishiwa ganda, matumbo yote ameshayahamishia kwingine. Kwa hiyo kabla sijaenda kwake nilimwambia mke wangu, "Mama, hebu nipe ile rangi yako ya kucha." Nikaketi barazani nikaweka nukta nyekundu chini ya kila kitufe cha gitaa, nyuma ya kila ufunguo wa kukazia nyuzi, hata kwenye skrubu. Mke wangu alisimama ananiangalia.

"Na mimi je, hunitii alama?" aliniuliza.

"Hebu niache, nina kazi," nikamwambia.

Kwa fundi nilikaa kwenye kigoda kuanzia anafungua mpaka anafunga. Alinichongea daraja la kwanza kwa mti wa mninga, na gitaa likalia kama mtu anayeimba kajifunika blanketi. La pili akalikata kutoka kwenye bomba la shaba, likawa linaitia kila noti mlio wa nyuki. Kila akiinua kitu cha gitaa langu, nami nainuka.

"Kaka, ukinikodolea hivyo mkono utatetemeka," alisema. "Niachie hapa, uje kesho."

"Nikuachie? Wewe?"

Akavuta tupa yake. La tatu alilichonga kwa mfupa wa ng'ombe, mguu aliouomba machinjioni na kuuchemsha mpaka ukawa mweupe pe. Hilo lilikuwa na sauti, tena sauti ya joto, yenye nyama. Nilifurahi mpaka nilipopanda juu shingoni. Huko noti zikaenda kombo, kila uzi unadanganya kwa namna yake. Fundi aliinama akaangalia kwa ile miwani yake ya jicho moja, akasema kila uzi unahitaji kusimama mahali pake, mwingine mbele kidogo, mwingine nyuma kidogo, na yeye hawezi kuotea. Angeona daraja la asili angelichonga pacha wake. Kisha akanitajia mzee mmoja, mwanamuziki mstaafu anayeishi ng'ambo, Kamanga. Saa yake aliwahi kumtengenezea, na alikuwa na gitaa kama langu, la Kijerumani hivyo hivyo.

Mwingine angeshukuru. Mimi nikajiuliza fundi huyu anapata nini kunipeleka ng'ambo. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi ndiyo hiyo. Nikavuka na feri, kasha mapajani, mfukoni nina kipande cha sabuni ya mche. Nilishasikia wezi wananakili funguo kwa kuzigandamiza kwenye sabuni, nikaona ujanja wa wezi nao una faida yake.

Mzee alifungua mlango nusu. Nikamwona jicho moja na bega.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwenye kasha kuna nini?"

Nikamweleza. Akaniambia nilifungue kasha nikiwa nje, juani. Alipoliona gitaa langu uso haukulainika hata kidogo, ndiyo kwanza ukakaza. "Aliyekwambia ninalo kama hili ni nani?" Nikamtaja fundi. "Ataniona huyo," akasema. Hatimaye akaniingiza, akanikalisha kigodani karibu na mlango, na akaleta gitaa lake akiwa amelikumbatia kama mtoto mchanga anayetaka kuibwa wodini. Akasimama nalo upande wa pili wa chumba. Mama yangu! Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu anayenizidi.

Nikamwomba niigandamize sabuni kwenye daraja lake. Akakataa. Nikaomba tena. Akaninyang'anya ile sabuni, akageuka akanipa mgongo, akagandamiza mwenyewe, nyuzi na yote, kisha akanirushia. Alama zilikuwa zimetoka safi, uzi huu mbele, uzi ule nyuma. Nikaifunga kwenye jani la mgomba na moyo wangu ukatulia kidogo.

"La kwako lilipotea vipi?" akauliza.

"Limeibwa. Nami aliyeiba namjua."

"Nyuzi zilikatwa?"

"Hapana. Zililegezwa."

"Zote?"

"Zote sita. Vizuri tu, hakuna hata moja iliyopinda."

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi aketi, na hata hapo gitaa hakuliachia. "Mwizi gani huyo mwenye nafasi ya kuzungusha funguo moja moja? Mwizi anabeba na kasha lake. Huyo alikuwa anaogopa kuvunja shingo ya gitaa lako, kijana. Nani amekaa akakuangalia ukibadilisha nyuzi, mara nyingi mpaka akajua namna?"

Nikafunga kasha langu. Jibu nilikuwa nalo.

"Nenda nyumbani," akasema, akifungua mlango. "Na hapa usirudi tena, maana sasa unajua gitaa langu linakaa wapi."

Kwenye feri nilisimama peke yangu ukingoni, nachemka. Nilipanga maneno makali, nikayapangua, nikayapanga upya. Dogo nilishamtukana mbele za watu. Jirani simsalimii. Mtaa mzima nimeuweka kizimbani, kumbe mwenye kosa ananipikia ugali! Kupanda mlima kwenda nyumbani nilikwenda karibu kwa kukimbia.

Mke wangu alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Ni mimi," akasema. Hata mkono haukusimama kwenye ungo.

"Daraja liko wapi?"

"Nimelitupa ziwani."

Nilipiga kelele. Sitaki kuyarudia niliyosema, ila nakumbuka nilimuuliza kama anajua nimehangaika kiasi gani mpaka kuvuka Kamanga kwa mzee nisiyemjua, kama anajua hoteli ile ndiyo chakula chetu, na kama ana akili timamu. Aliniacha nikaishiwa pumzi. Kisha akauweka ungo chini, akanigeukia na kufungua mdomo, akalivuta shavu kwa kidole ili nione vizuri. Upande wa kushoto, la pili kutoka meno ya mbele, hapakuwa na jino. Palikuwa na pengo jekundu ambalo lilikuwa limeshaanza kufunga.

"Umeng'oa lini?" nikauliza.

"Hii ni wiki ya tatu. Nilienda hospitali peke yangu, nikarudi shavu limevimba hivi. Nikakuandalia chakula. Unakumbuka ulichoniambia? Uliniambia nisigonge masufuria, gitaa linavuma, unataka usikie linavumia wapi." Alisema bila ukali, na ndiyo iliyonimaliza. "Nikangoja siku ya kwanza, nikangoja ya pili. Nilicheka makusudi mbele yako mdomo wazi. Basi nikasema, ngoja na hilo gitaa lako nikaling'oe jino, nione pengo la nani litaonekana kwanza."

Nikakaa chini, kwenye sakafu.

"Asubuhi umefungua kasha, saa sita mji wote una habari," akaendelea. "Umemshuku dogo wa watu mpaka amelia. Umemshuku jirani, dereva, fundi. Umevuka maji ukamsumbua na mzee wa watu Kamanga. Mimi nalala na wewe kitanda kimoja, nyuzi hizo unazibadilishia mbele yangu kila mwezi, na hujanishuku hata dakika moja. Kwani mimi sionekani?"

Ningekuwa mtu wa maneno mazuri ningeyasema siku ile. Niliumia, niliona aibu, na bado nilikuwa na hasira, vyote vitatu kwa pamoja. Nilichoweza kumuuliza ni kama bado panauma. Akasema akila moto panauma. Nikainuka nikaupeleka ule mfano wa sabuni kwa fundi, na kwa mara ya kwanza nikamwachia gitaa nikarudi nyumbani.

Jumamosi tajiri alikuja akaagiza samaki mzima, akatusikiliza huku anachambua miiba. Daraja la mfupa, alilolichonga upya kwa mfano ule wa sabuni, lilikaa sawa, juu na chini, na nilipiga solo mpaka akasahau kutafuna. Akatuchukua. Dogo alibaki kwenye rizimu, tena akapiga vizuri sana siku ile, ila ilipita miezi kabla hajaitika salamu yangu, na siwezi kumlaumu.

Limebaki la daraja lenyewe. Nilimuuliza mke wangu alilitupa upande gani wa ziwa, akasema kule kwenye mawe. Siku nyingine nikamuuliza, akasema alitupa akiwa kwenye feri. Majibu mawili! Shaka yangu yote ikaamka. Nikatazama kwenye debe la unga, nikainua godoro, na Jumapili moja mchana nikafungua sanduku lake la nguo, natoa kanga moja moja, nakung'uta. Nikageuka nikamkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anacheka mdomo wazi.

"Tafuta, baba, tafuta vizuri," alisema. "Ukimaliza hilo sanduku uje unikague na mimi, usije ukakuta nimepungua tena."